Karakana iliyotaka kuigwa: uchambuzi wa kisa kimoja cha biashara ya chanzo huria

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu karakana ndogo ya majiko ya mkaa katika mji mmoja wa bara, nchini Tanzania, iliyoamua kuweka wazi michoro yake, njia zake za kazi na hatimaye daftari lake la hesabu, kwa nia iliyotamkwa waziwazi kwamba watu wa miji mingine waiige. Mimi nilihusika kama mtu wa hesabu na mwandishi wa kijitabu chao, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayoelezwa hapa niliyafanya kwa mkono wangu. Majina ya watu, ya karakana na ya miji nimeyaondoa. Viwango vya fedha nimevibadilisha, ila uwiano kati yao nimeuacha ulivyokuwa, kwa sababu bila uwiano huo msomaji hawezi kuona mahali hasa biashara ilipovuja.

Chanzo huria ni utaratibu uliozaliwa kwenye programu za kompyuta: mwenye programu hutoa maandishi yake yote, kisha mtu yeyote huruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyabadilisha na kuyasambaza. Utaratibu huo ulipohamia kwenye vitu vya kushikika, kama mashine, samani na majiko, ulileta swali ambalo wanaprogramu hawakulipata kwa uzito huo: nakala ya programu haigharimu kitu, lakini nakala ya jiko ina bati, udongo, kuni na jasho, na anayeiga anaweza kupoteza mtaji wake wote kwa kufuata mfano uliowekwa mbele yake kwa nia njema.

## Usuli

Karakana ilianzishwa na mama mmoja mfinyanzi, aliyejifunza kazi hiyo kwa bibi yake, akishirikiana na binamu yake ambaye ni fundi bati. Jiko lao ni la ukoo unaojulikana kote Afrika Mashariki: gamba la bati lenye kiuno, na katika nusu yake ya juu bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu chini ya kupitisha hewa na majivu, likishikizwa kwa mchanganyiko wa saruji na majivu ya pumba za mpunga. Ukoo huo ulianzia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale wabunifu walipochukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulifanyia kazi pamoja na mafundi wa jua kali, yaani mafundi wadogo wa sekta isiyo rasmi, wa Nairobi. Jiko hilo halikuwekewa hataza, yaani hati ya kuwazuia wengine wasilitengeneze. Kila fundi aliyeweza kulitengeneza alilitengeneza, na ndiyo maana leo ndugu zake wanaonekana Tanzania, Uganda, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, kila mmoja akiwa na tofauti ndogo za kwao.

Kwa hiyo karakana tunayoizungumzia nayo ilikuwa mwigaji tangu siku yake ya kwanza, na mama mwenye karakana alilisema hilo bila kuona haya. Kilichokuwa chao hasa ni mambo matatu: mchanganyiko wa udongo ambao ulistahimili moto bila kupasuka kwa muda mrefu, kalibu ya chuma iliyotoa mabakuli ya kipimo kimoja, na utaratibu wa kukagua kila bakuli kabla ya kulivisha bati. Ukaguzi wenyewe ulifanywa kwa sikio. Mfinyanzi alilinyanyua bakuli kwa vidole viwili, akaligonga kwa fundo la kidole. Lililoiva lililia kama kengele, na lenye ufa usioonekana lilitoa sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyekauka koo. Lililokwaruza liliwekwa kando na kupondwa, na unga wake ukarudishwa kwenye udongo mbichi.

Majiko yalisifika, na maagizo yakaanza kutoka miji ya mbali. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Bakuli la udongo ni zito, linavunjika, na bei yake ni ndogo. Kwenye lori linalopita barabara ya vumbi, likipangwa na magunia juu yake, hasara ya kuvunjika pamoja na nauli vilimeza faida yote. Mwaka mmoja walijaribu kupeleka mabakuli yakiwa yamefunikwa kwa majani makavu ya migomba, na yalivunjika machache zaidi, lakini mzigo uliongezeka ujazo na msafirishaji akapandisha nauli.

## Uamuzi wa kuigwa

Njia zilizokuwa mezani zilikuwa nne. Kufungua matawi kulihitaji mtaji ambao hawakuwa nao, na pia msimamizi wa kuaminika katika kila mji. Kuuza kibali cha kulipia, yaani mtu wa mji mwingine alipe ada kila mwezi ili atumie njia zao, kulionekana kuzuri kwenye karatasi, lakini mtu huyo angeweza kulitazama jiko moja tu na kulitengeneza bila kulipa chochote. Ada ya kitu ambacho kila mtu anaweza kukipata bure haikusanywi. Njia ya tatu ilikuwa kuyakataa maagizo ya mbali na kubaki mjini. Ya nne, iliyopendekezwa na mwenye karakana mwenyewe, ilikuwa kuwaandikia watu wa mbali namna ya kutengeneza jiko hilo kwa udongo wao.

Fundi bati alipinga. Hoja yake ilikuwa nzito na haikustahili kupuuzwa: karakana ina watu sita wanaokula kutokana nayo, na mtu ukimfundisha kazi yako leo, kesho ataweka meza jirani nawe. Mjadala ulichukua majuma kadhaa. Kilichouvunja si maneno matamu kuhusu kushirikiana, bali ni majiko mawili ambayo mama aliyanunua katika mnada wa wilaya ya jirani. Yote mawili yalikuwa nakala za jiko lao, yamepakwa rangi ileile, na mabakuli yake yalikuwa hayajaiva hata nusu. Aliyaweka mbele ya binamu yake na kumwambia kwamba kuigwa kulikwisha kuanza bila wao, na lililobaki ni kuchagua kama wataigwa vizuri au vibaya.

Tuliandika kijitabu cha kurasa ishirini na kitu, chenye michoro ya gamba na kalibu, hatua za kuandaa udongo, picha za tanuri, na ukurasa mmoja wa hesabu ya gharama na bei. Kijitabu kiliwekwa kwenye intaneti chini ya leseni ya Creative Commons inayomtaka mtumiaji ataje chanzo na kuyatoa maboresho yake kwa masharti yaleyale, na nakala za karatasi zikasambazwa kupitia vikundi vya akina mama. Mafunzo ya siku tano yalitolewa bure kwa yeyote aliyefika. Mpango wa kipato ulikuwa mmoja tu: karakana itauza kalibu. Mchoro wa kalibu ungekuwa wazi kwa wote, lakini kuikereza kunahitaji mashine na fundi mkerezaji, na tuliamini kwamba wengi wangeona nafuu kuinunua ikiwa tayari.

## Awamu ya kwanza: mabakuli yasiyoingia

Waigaji watatu wa mwanzo walianza kazi katika muda wa miezi minne. Wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka mji ulio umbali wa siku moja kwa basi. Alinunua kalibu, akachimba udongo wa mtoni kwao, akafuata kijitabu hatua kwa hatua, akachoma tanuri lake la kwanza na kutoa mabakuli mazuri yaliyolia vizuri yalipogongwa. Siku ya kuyavisha bati alipiga simu. Fundi bati wake alikuwa amekaa chini na gamba katikati ya magoti, akilizungusha bakuli juu ya mdomo wa gamba hilo huku na huku, na nilimsikia nyuma ya simu akisema, “Mama, hili haliingii, hata ukilipiga.”

Mwigaji wa pili alipata kinyume chake. Mabakuli yake yaliingia na kupwaya, akaziba nafasi kwa saruji nyingi, na baada ya wiki chache za kupikia saruji ilipasuka na mabakuli yakaanza kucheza ndani ya bati.

Kalibu zilikuwa za kipimo kimoja, zimekerezwa na fundi mmoja kwa mchoro mmoja. Tulichukua siku kadhaa kuutambua ukweli ambao mfinyanzi yeyote angetuambia kama tungeuliza swali sahihi. Udongo hupungua unapokauka na kupungua tena unapochomwa, na kiasi cha kupungua hutofautiana kati ya udongo wa mahali na mahali. Udongo wa mwenye karakana ulipungua kwa asilimia 9. Kalibu yake ilikuwa na kipenyo cha sentimita 28.6 ili bakuli lililoiva litoke na sentimita 26, ambacho ndicho kipimo cha gamba. Udongo wa mwigaji wa kwanza, wenye mchanga mwingi, ulipungua kwa asilimia 6 tu, kwa hiyo bakuli lake lilitoka na karibu sentimita 26.9, na milimita tisa za ziada haziingii kwenye bati hata kwa nyundo. Udongo wa pili, laini na wenye kunata, ulipungua kwa asilimia 12 na kutoa bakuli la sentimita 25.2.

Mwenye karakana alilijua jambo hili mikononi mwake. Bibi yake alimfundisha kukipima kipande cha udongo kabla ya kukubali shimo jipya la kuchimba, lakini kwa kuwa alikuwa akichimba shimo lilelile kwa miaka mingi, hakukumbuka kulitaja, nami sikujua kuliuliza. Mchoro wetu ulikuwa sahihi kabisa kwa mahali pamoja tu duniani.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Mwigaji hufinyanga kijiti cha udongo cha unene wa kidole gumba, anachora juu yake kwa ncha ya kisu mstari wa milimita 100 barabara, anakikausha kivulini, anakichoma pamoja na vyungu vya kawaida, kisha anaupima mstari upya. Ukisomeka milimita 91, udongo umepungua kwa asilimia 9. Ukisomeka 94, umepungua kwa 6. Kipimo cha kalibu hupatikana kwa kuigawa 26 kwa sehemu iliyobaki, yaani 26 kwa 0.91, au 26 kwa 0.94, na kadhalika. Toleo la pili la kijitabu liliondoa kipimo cha kalibu kwenye mchoro na kuweka mahali pake kipimo cha bakuli lililoiva pamoja na jedwali la kupata kalibu kutokana na kijiti. Tangu hapo hakuna kalibu iliyouzwa bila kijiti kilichochomwa kuletwa kwanza karakanani.

Badiliko hili lilikuwa na tokeo la kifedha ambalo hatukulipanga. Kalibu ilikoma kuwa bidhaa ya rafu na ikawa huduma: mteja analeta kijiti, karakana inapima, inakokotoa, inakerezesha na kuijaribu kwa udongo wake. Mtu angeweza kufanya yote hayo mwenyewe kwa kusoma kijitabu, na mmoja alifanya. Wengine wote walilipa.

## Awamu ya pili: ukurasa wa hesabu

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki, na naomba msomaji aifuate polepole.

Ukurasa wa hesabu katika toleo la kwanza ulionyesha gharama ya jiko moja hivi: bati shilingi 2,500, kuni za tanuri 600, saruji 400, rangi 200, ujira wa fundi bati 1,500. Jumla ilikuwa 5,200. Bei ya kuuzia ilikuwa 8,000, na faida 2,800. Hizi zilikuwa hesabu za kweli za karakana, nilizozitoa kwenye daftari lao la miezi kumi na miwili, na hakuna hata shilingi moja iliyobuniwa.

Mwigaji wa tatu alikuwa dada kijana, mwenye bidii na mwangalifu, aliyechukua mkopo kwenye VICOBA yake, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa kuonyesha ukurasa huo. Wanakikundi waliusoma, wakaridhika, wakampa. Kijiti alikileta, kalibu alipata inayofaa, mabakuli yake yalikuwa mazuri kuliko hata ya karakana mama, na wateja aliwapata. Mwezi wa saba aliacha. Nilipomtembelea alinipa daftari lake bila kusema neno, na nililisoma nikiwa nimekaa kwenye mkeka uani kwake, karibu na tanuri lililokwisha kupoa.

Udongo alikuwa akiununua kwa lori, kwa wastani wa shilingi 500 kwa bakuli, kwa sababu mtoni kwao kuchimba kumekatazwa. Mfinyanzi alikuwa akimlipa 1,200 kwa bakuli. Kodi ya uwanja ilimgharimu 400 kwa kila jiko. Katika kila mabakuli matano yaliyochomwa moja lilipasuka, na kwa kuwa kila bakuli lilikuwa tayari limekula 2,300 za udongo, ufinyanzi na kuni, yale manne yaliyobaki yalibeba nyongeza ya 575 kila moja. Ukijumlisha hayo na zile 5,200 za kwenye kijitabu unapata 7,875. Alipouza kwa 8,000 alibakiwa na 125. Alipouza kwa jumla madukani kwa 7,500, kila jiko lililotoka lilimtoa shilingi 375 mfukoni. Kadiri alivyouza zaidi ndivyo deni lilivyokua.

Karakana mama haikuwa na gharama hizo kwa maana ya kuzilipa. Udongo ulichimbwa kwenye shamba la ukoo. Mfinyanzi alikuwa mwenye karakana mwenyewe, ambaye hakujilipa ujira bali alichukua kilichobaki mwisho wa mwezi na kukiita faida. Uwanja ulikuwa wa marehemu mume wake. Mabakuli yaliyopasuka yalipondwa na wajukuu baada ya shule na kurudi kwenye mchanganyiko, na muda wa wajukuu haukuandikwa popote. Ile faida ya 2,800 kwa sehemu kubwa ilikuwa ujira wa mama, kodi ya uwanja na thamani ya udongo, vikiwa vimevaa jina lisilo lao. Karakana iliishi kwa sababu ya vitu ilivyopewa bure na ardhi, ndoa na ukoo, na sisi tukamwalika mtu asiye na vitu hivyo aiige.

Nilitakiwa kuliona jambo hili. Mtu wa hesabu anayetayarisha ukurasa kwa ajili ya mtu mwingine kuufuata ana wajibu wa kuuliza, kwa kila nafasi iliyo wazi kwenye daftari, ni nani anayeibeba gharama hiyo, na mimi niliandika kilicholipwa tu. Deni la dada yule lililipwa kwa sehemu na karakana, kwa uamuzi wa mama mwenyewe, na lililobaki lilipangiwa upya na kikundi chake. Hakurudi kwenye majiko.

## Jina kwenye jiko lililopasuka

Wakati hayo yakiendelea, wateja wawili walifika karakanani na majiko yaliyopasuka, yenye jina la karakana limepigwa muhuri kwenye bati, wakidai warudishiwe fedha. Majiko hayo hayakutengenezwa pale. Mwigaji mmoja aliona kwamba michoro ni ya wote, akahitimisha kwamba na jina ni la wote, na kijitabu chetu hakikumwambia vinginevyo.

Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa kutenganisha jina na mchoro. Jina na alama vilisajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Mchoro, njia na hesabu vilibaki huru kwa kila mtu, anayetaka kutengeneza atengeneze na auze kwa jina lake. Anayetaka kutumia jina la karakana hutuma majiko matatu kila msimu, yanapikiwa, yanagongwa, bakuli moja linavunjwa makusudi ili rangi ya ndani ionekane kama moto ulifika katikati, na analipa ada ndogo ya ukaguzi. Asiyefaulu anaambiwa kwa nini, na anaruhusiwa kuendelea kuuza kwa jina lake mwenyewe.

Fundi bati, aliyekuwa mpinzani wa mpango wote, ndiye aliyekuwa mkaguzi mkali kuliko wote.

## Matokeo

Baada ya miaka mitatu, kati ya waigaji saba waliopita karakanani wanne wanaendelea, wawili wameacha, na mmoja ameacha udongo na kubaki na bati tu, akinunua mabakuli kwa mmoja wa wale wanne. Karibu theluthi ya kipato cha karakana sasa inatokana na kalibu, mafunzo na ukaguzi. Mafunzo yaliacha kuwa bure katika mwaka wa pili, na badiliko hilo liliongeza idadi ya wanaoanza kazi kweli ingawa lilipunguza wanaohudhuria. Yalipokuwa bure, wengi walikuja kwa ajili ya cheti.

Hofu ya fundi bati haikuwa ya bure. Kijana aliyefunzwa pale alifungua karakana yake mtaa wa pili katika mji uleule, na kwa miezi kadhaa mauzo ya rejareja yalishuka kiasi cha kuumiza. Hawakumzuia, na kwa masharti waliyojiwekea hawakuwa na haki ya kumzuia.

Maboresho yalirudi, ila si yote. Mwigaji mmoja alibuni mlango wa hewa unaoteleza badala ya kuning'inia, akatuma mchoro, na sasa uko kwenye kijitabu na jina lake limetajwa. Mwingine alijenga tanuri linalotumia kuni chache mno, akakataa kulionyesha. Tulimkumbusha leseni, naye akajibu, kwa haki kabisa, kwamba hakunakili ukurasa wowote.

## Uchambuzi

Jibu la mwigaji huyo linagusa mpaka wa kisheria ambao watu wengi wa chanzo huria hujifunza wakiwa wamechelewa. Leseni kama ile tuliyotumia husimama juu ya hakimiliki, na hakimiliki hulinda maandishi na michoro, si kitu kinachotengenezwa kwa kuifuata michoro hiyo. Anayenakili kijitabu anabanwa na masharti; anayejenga tanuri habanwi. Zipo leseni zilizoandikwa mahsusi kwa ajili ya vifaa, kama ile ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ambayo toleo lake la pili la 2020 lina aina tatu zinazotofautiana kwa ukali wa sharti la kurudisha maboresho, lakini hata hizo zina nguvu kubwa zaidi pale ambapo faili za michoro ndizo hubadilishwa na kupitishwa, kuliko pale ambapo fundi anabuni kwa macho na mikono. Katika karakana za namna hii kinacholeta maboresho nyumbani ni uhusiano: aliyetuma mlango alikuwa akija kila msimu kwa ukaguzi na kukaa kunywa chai, na mwenye tanuri hakuwahi kurudi baada ya mafunzo. Ukaguzi wa jina ulifanya kazi ambayo leseni haikuweza kuifanya.

Kuacha jina likiwa la karakana huku mchoro ukiwa wa wote kulifaulu, na si jambo geni. Kampuni ya programu ya Red Hat iliishi kwa miaka mingi na nakala ya mfumo wake wa kuendeshea kompyuta iitwayo CentOS, iliyoanza mwaka 2004, ambayo ilijengwa kutokana na maandishi yaleyale baada ya kuondolewa jina na nembo za kampuni. Wenye bodi za kielektroniki za Arduino, zilizoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, nao waliruhusu mtu yeyote atengeneze bodi kwa michoro yao huku jina likibaki lao. Katika mifano yote hiyo mnunuzi anajua anachonunua. Kosa letu lilikuwa kutoliandika hilo tangu ukurasa wa kwanza, tukimwachia mwigaji akisie mpaka uko wapi.

Mambo yangeweza kwenda kwa njia nyingine. Kampuni ya MakerBot ilikua kutokana na mradi huria wa RepRap, uliotaka mashine ya kuchapa vitu iweze kuchapa sehemu zake yenyewe, lakini mwaka 2012 ilitoa mashine iliyofungwa na kuwavunja moyo wengi waliochangia bure. Baada ya yule kijana kufungua mtaa wa pili, fundi bati alipendekeza kijitabu kiondolewe kwenye intaneti. Naamini kilichowazuia ni kwamba kufikia hapo theluthi ya kipato ilitegemea waigaji kuendelea kuwepo. Mtu anayekula kutokana na kuigwa hana haja ya kushurutishwa abaki wazi, ilhali anayekula kutokana na bidhaa tu, na uwazi wake ukiwa ni wema wa ziada, atafunga mlango siku wema huo utakapoanza kumgharimu.

Hali ya bidhaa yenyewe ilisaidia mno, na sidhani kama matokeo haya yanaweza kuhamishwa hivihivi kwenye kila kitu. Jiko la udongo ni zito, linavunjika na ni rahisi kwa bei, hivyo mwigaji aliye umbali wa siku moja kwa basi hachukui mteja hata mmoja wa karakana mama. Kitu chepesi chenye bei kubwa kingesafiri, na kila mwigaji angekuwa mshindani. Yule kijana wa mtaa wa pili ni mfano mdogo wa hali hiyo.

Lakini linalonibana zaidi ni ukurasa wa hesabu, kwa sababu hapo ndipo biashara ya kuigwa inapotofautiana kabisa na mchoro wa kuigwa. Bakuli lisiloingia kwenye gamba linajitangaza siku ileile. Hesabu isiyoingia inajificha kwa miezi saba, na katika miezi hiyo mtu anaendelea kuamini kwamba kosa ni la kwake, kwa kuwa kitabu kinasema faida ni 2,800. Dada yule aliniambia kwamba mara mbili alipunguza chakula cha nyumbani akidhani matumizi yake ndiyo yanayokula mtaji. Karakana inayojitangaza kuwa mfano inabeba dhamana juu ya maneno kama hayo, na dhamana hiyo haiondolewi na kifungu cha leseni kinachosema kwamba kazi imetolewa kama ilivyo, bila uhakikisho wowote.

Toleo la tatu la kijitabu lina ukurasa wa hesabu wenye safu tatu. Ya kwanza ni kile karakana inacholipa. Ya pili ni kile inachokipata bure, pamoja na maelezo ya kinatoka wapi: udongo kutoka shamba la ukoo, uwanja kutoka urithi, kupondaponda kutoka kwa wajukuu, ufinyanzi kutoka kwa mama mwenyewe. Safu ya tatu imeachwa tupu, na juu yake mama mwenye karakana aliagiza yaandikwe, kwa herufi kubwa, maneno “Kwako ni shilingi ngapi?” Mafunzo sasa huanza na safu hiyo siku ya kwanza asubuhi, kabla mtu yeyote hajashika udongo, na katika kundi la mwisho watu wawili kati ya watano waliijaza, wakajumlisha, wakarudishiwa ada yao na kupanda basi la jioni.